Namna ya kuandaa somo kwa akili mnemba bila kuumbuka darasani

Walimu wengi hapa Tanga wameshazoea kuandaa masomo kwa akili mnemba (AI) kwenye simu. Wanaokwama nao ni wengi, na wanakwama palepale. Mtu anaandika "niandalie somo la bahari darasa la tano", anapata kurasa mbili zinazopendeza macho, anazinakili ubaoni. Kisha mtoto wa Sahare, mtaa wa pwani, ananyoosha kidole: "Mwalimu, mbona babu hasemi hivyo?" Na babu ndiye aliye sahihi.

Mwongozo huu ni wa kazi moja tu: kutoka ukurasa wa kitabu cha kiada hadi karatasi ya mazoezi iliyo mikononi mwa wanafunzi, simu ikiwa njiani. Mfano nitakaoutumia ni kupwa na kujaa kwa maji ya bahari, kwa sababu ni jambo lenye mashahidi mji mzima. Wewe uliyeko Lushoto au Handeni badilisha mfano, hatua ni zilezile.

Vitu vya kuwa navyo

- Kitabu cha kiada na muhtasari wa somo. Shule ikiwa na nakala chache, Taasisi ya Elimu Tanzania inavyo vitabu kwenye Maktaba Mtandao yake. Angalia kama darasa lako limeshaingia kwenye mtaala ulioboreshwa, ulioanza kutumika kwa awamu Januari 2024. Vitabu vya zamani bado vinazungushwa kwenye makundi ya WhatsApp kama vipya.
- Simu janja yenye programu yoyote ya akili mnemba. Ya bure inatosha.
- Bando dogo. Maandishi hayali bando, picha na video ndizo zinazolimaliza.
- Daftari, kalamu nyeusi na kalamu nyekundu.
- Mtu mmoja anayelijua jambo kuliko wewe. Kwa somo la bahari, mvuvi.

Hicho cha mwisho ndicho watu wanachokiruka, halafu wanashangaa.

Hatua ya 1: Anza na kitabu, simu iwe mfukoni

Soma mada kwenye kitabu, kisha andika mistari minne daftarini kwa kalamu nyeusi: mtoto ajue nini, aweze kufanya nini, maneno gani ni mageni kwake, na kosa gani ana uwezekano mkubwa wa kulifanya.

Kwa kupwa na kujaa, mimi ningeandika hivi: ajue kwamba mvuto wa mwezi, ukisaidiwa na wa jua, ndio unaoyasukasuka maji. Aweze kukadiria saa ya maji kujaa kesho akijua ya leo. Maneno mageni: mvuto, mzunguko. Maneno asiyohitaji kufundishwa: bamvua (maji yanapojaa na kupwa sana) na maji mafu (yanapojaa na kupwa kidogo), anayo tangu nyumbani. Kosa: kudhani maji hujaa saa ileile kila siku.

Sababu ya kuanza hivi ni kwamba ukianza na simu, simu ndiyo itakayoamua somo linahusu nini. Itakuletea dhana za kidato cha nne kwa mtoto wa darasa la tano, nawe utazipokea kwa kuwa zimepangwa vizuri. Mistari minne ndiyo kipimo chako: kila kitakacholetwa, unakilinganisha nayo.

Umefaulu ikiwa unaweza kuingia darasani na kufundisha kipindi hicho hata simu ikizima chaji.

Hatua ya 2: Ipime kwa jambo unalolijua

Programu hizi haziendi kabatini kutafuta jibu. Zinapanga maneno kwa kufuata mpangilio uliozoeleka katika maandishi ziliyofundishwa, na sehemu kubwa ya maandishi hayo ni ya Kiingereza. Yaliyoandikwa kuhusu Pangani au Muheza kwa Kiswahili ni machache. Pale zisipokuwa na habari, hazisiti wala hazigugumii: zinajibu kwa sauti ileile. Hata zile zinazoweza kutafuta mtandaoni zinaweza kuzisoma vibaya kurasa zilizoziokota.

Kwa hiyo kabla ya kuiamini kwa jambo usilolijua, iulize unalolijua. Maswali haya yanawafaa watu wa mkoa wetu:

Mkonge uliletwa na nani, lini, kutoka wapi? Jibu lake linajulikana: Richard Hindorf, mwaka 1893, kutoka Florida kupitia Hamburg. Iliagizwa miche elfu moja, ikafika hai 62.

Vita vya Tanga vilipiganwa lini, na nani alishinda? Novemba 1914. Majeshi ya Uingereza, mengi yakiwa ya askari kutoka India, yalishuka pwani yakashindwa na Wajerumani na askari wao chini ya Paul von Lettow-Vorbeck.

Sasa ipe swali la mtego: "Kwa nini Abushiri bin Salim alinyongwa Bagamoyo?" Abushiri, aliyeongoza vita vya watu wa pwani dhidi ya Wajerumani, alinyongwa Pangani, Desemba 1889. Programu nzuri itakusahihisha. Dhaifu itaupokea uongo wako na kukutajia sababu tatu za kunyongwa Bagamoyo, kila moja na kichwa chake cha habari. Huu mtego ndio naupenda kuliko yote, maana unaonyesha tabia na si kumbukumbu tu: je, chombo hiki kinakubishia ukikosea, au ni cha ndiyo bwana?

Malizia kwa kufungua mazungumzo mapya na kuuliza swali lilelile tena. Majina au miaka ikibadilika, usishike jibu la kwanza wala la pili.

Tahadhari: programu hubadilishwa mara kwa mara. Iliyokupa majibu mazuri muhula uliopita ipime tena muhula huu, na iliyoshindwa usiikatie tamaa moja kwa moja.

Umefaulu ikiwa unaweza kusema kwa maneno yako ni wapi inakufaa na wapi inabuni. Kwa uzoefu wangu inafaa sana kupanga mawazo, kurahisisha aya ngumu, kutunga maswali mengi kwa haraka. Inabuni kwenye mambo ya mahali, majina ya watu wa kawaida, methali na beti za mashairi. Beti usiyoikuta kitabuni usiipeleke darasani, hata ikiwa na vina na mizani kamili.

Hatua ya 3: Majina ya watoto yabaki nje

Hatua hii inakuja kabla ya kuandika maelekezo, kwa kuwa hapa ndipo watu wanapiga picha daftari la mahudhurio au orodha ya alama na kuitupia humo "inipangie nafasi". Usifanye hivyo.

Unachokiandika huenda kwenye kompyuta za kampuni iliyo nje ya nchi, na baadhi ya kampuni hizo hutumia mazungumzo hayo kuifundisha programu, isipokuwa umezima ruhusa hiyo kwenye mipangilio. Ukishakituma, hukirudishi. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inazihesabu taarifa za watoto kuwa taarifa nyeti. Mzazi alimwandikisha mtoto shuleni. Hakumwandikisha kwenye simu yako.

Ukitaka msaada wa alama, andika "Mwanafunzi A, B, C" na funguo za majina ziwe kwenye daftari lako la karatasi. Ukitaka ushauri kuhusu mtoto anayesinzia darasani au anayetoka nyumba yenye matatizo, eleza hali bila jina, bila shule, bila mtaa. Tanga ni mji ambao ukitaja mtaa, kazi ya baba na idadi ya ndugu, umeshamtaja mtu.

Nenda sasa hivi kwenye mipangilio ya programu yako, tafuta sehemu ya faragha au ya data, uzime ruhusa ya kutumia mazungumzo yako kwa mafunzo kama ipo. Dakika chache tu.

Hatua ya 4: Andika maelekezo yenye mipaka

Ukiuliza kwa mkato unajibiwa kwa jumla. Maelekezo mazuri hutaja msomaji ni nani, mahali, urefu, nini kisiwepo, na yanachukua mistari yako minne kama ilivyo. Mfano:

"Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi Tanga, Tanzania. Niandikie maelezo ya ukurasa mmoja kuhusu kupwa na kujaa kwa maji ya bahari kwa wanafunzi wa darasa la tano. Wanafunzi wanaishi pwani na wanayajua maneno bamvua na maji mafu, yatumie. Tumia Kiswahili cha Tanzania na saa za Kiswahili. Mifano iwe ya Bahari ya Hindi. Usitaje jina la mtu wala takwimu ambayo huna hakika nayo. Mwishoni orodhesha mambo ambayo napaswa kuyahakiki."

Sentensi ya mwisho inasaidia, ila isikulaze. Mara nyingi itaorodhesha mambo yaliyo sahihi na kuliacha kosa lenyewe.

Jibu likija refu, iambie ipunguze. Likija na maneno magumu, taja neno lenyewe, usiseme tu "rahisisha".

Hatua ya 5: Soma ukiwa na kalamu nyekundu

Hii ndiyo kazi yenyewe. Nakili jibu daftarini, au ukiweza liprinti, kisha soma mstari kwa mstari. Chini ya kila kitu kinachoweza kuwa kweli au uongo (saa, idadi, jina, sababu) piga mstari mwekundu. Usiamue bado. Piga mistari tu hadi mwisho, kwa sababu ukianza kuamua mapema utachoka katikati na nusu ya pili itapita bila kuguswa.

Kisha rudi mwanzo. Makosa yanayojirudia ni haya.

*Saa.* Umeiambia itumie saa za Kiswahili, na bado itakuandikia "siku za bamvua maji hupwa kabisa saa 10 asubuhi". Imetafsiri saa ya Kizungu na kuiacha namba. Siku za bamvua maji ya Tanga hukauka mnamo saa nne asubuhi, ndio wakati kina mama wanaposhuka mwambani kuchokoa pweza, na hujaa mnamo saa kumi jioni. Angalia uzito wa kosa hili. Saa ya Kizungu na ya Kiswahili zinapishana kwa saa sita. Maji nayo hutoka kujaa hadi kupwa kwa muda wa saa sita na dakika kidogo. Kwa hiyo ukiikosea saa kwa namna hiyo, bahari yako nzima inageuka: maji yaliyopwa yanakuwa yamejaa na yaliyojaa yanakuwa yamepwa. Mtoto anayeishi Mwambani atacheka, na ana haki ya kucheka.

*Sababu iliyokatwa nusu.* Itaandika kwamba mwezi unavuta maji, basi. Jua limeachwa, na bila jua huwezi kueleza bamvua. Jua, mwezi na dunia vikiwa kwenye mstari mmoja, yaani mwezi mwandamo na mwezi mpevu, mvuto wa jua na wa mwezi huungana, maji hujaa sana na kupwa sana. Mwezi ukiwa nusu, jua na mwezi huvuta kila mmoja upande wake, na hayo ndiyo maji mafu.

*Kosa lilelile la mtoto.* Ulilitabiri kwenye mstari wa nne daftarini. Mara nyingine programu inalifanya yenyewe: "maji hujaa saa kumi jioni kila siku". Toka kujaa hadi kujaa tena ni kama saa 12 na dakika 25, hivyo kila siku maji huchelewa kwa wastani wa dakika 50. Jahazi lililoondoka Pangani na maji ya leo, kesho halitayapata saa ileile.

*Mambo ya kwingine.* Tufaha, theluji, dola, "gredi ya tano". Mifano ya bandari za Ulaya ambako mtoto hajawahi kufika wala hatofika kesho. Haya ni rahisi kuyaona, yabadilishe na songa mbele.

*Lugha.* Sentensi inaweza kuwa na maneno ya Kiswahili yote na bado isiwe Kiswahili. Isome kwa sauti. Ukiona unahitaji kuisoma mara mbili wewe mwalimu, ifute uiandike upya kwa namna ambavyo ungeisema ukiwa umesimama mbele ya darasa.

Umefaulu ikiwa ukurasa umejaa wekundu. Ukurasa msafi maana yake hukusoma.

Hatua ya 6: Thibitisha nje ya simu

Kila mstari mwekundu sasa unahitaji shahidi, na shahidi asiwe programu nyingine ya akili mnemba. Zote zimesoma maandishi yanayofanana, zinaweza kukosea pamoja. Kuuliza ya pili na kusema "zimekubaliana" ni sawa na kumuuliza mtu na mdogo wake waliosimuliwa na bibi mmoja.

Mashahidi ni watatu: kitabu, mtu, na macho yako.

Kitabu cha kiada kwanza. Kisichokuwemo, nenda maktaba ya mkoa, hasa kwa historia.

Mtu: shuka soko la samaki Deep Sea asubuhi, baada ya mnada kupoa. Salimia vizuri, shikamoo kwa mkubwa, usianze na swali. Ukiuliza, acha swali wazi: "Mzee, siku za bamvua maji yanakauka saa ngapi?" Usiulize "Eti ni kweli yanakauka saa nne?" Ukimpa mtu jibu ndani ya swali, kwa heshima tu atakuitikia, na utarudi na ulichokwenda nacho. Ni mtego uleule wa hatua ya 2, safari hii wewe ndiye unaouweka bila kujua.

Mvuvi atakueleza saa na majira kwa uhakika. Kuhusu mvuto wa jua anaweza kuwa na maelezo mengine kabisa. Msikilize, ila hapo shahidi wako ni kitabu. Kila mtu anashuhudia alichokiona.

Ambalo halina shahidi hata mmoja, lifute. Usiandike "inasemekana" ili kulificha. Somo fupi lenye mambo sita ya kweli linamtosha mtoto wa darasa la tano.

Hatua ya 7: Maswali, uyafanye mwenyewe kwanza

Sasa iombe maswali kumi kutoka kwenye maelezo *uliyoyasahihisha*. Wengi hapa wanasahau: wanaomba maswali kwenye mazungumzo yaleyale, na programu inatunga kutokana na jibu lake la mwanzo lenye makosa. Bandika upya maandishi yako safi, kisha uombe.

Funika majibu. Yafanye maswali yote kwa kalamu kama mwanafunzi, halafu ulinganishe. Kwa mfano: "Leo maji yamejaa saa 10:00 jioni. Kesho jioni yatajaa saa ngapi hivi?" Jibu ni kama saa 10:50. Ikikuandikia 9:10, imetoa badala ya kujumlisha.

Maswali ya kuchagua yana ugonjwa wake. Jibu sahihi mara nyingi ndilo refu kuliko mengine, na watoto wajanja huligundua hilo mapema sana. Pengine majibu mawili yote ni sahihi. Pengine herufi B ndiyo jibu la maswali sita kati ya kumi. Changanya herufi, linganisha urefu.

Umefaulu ikiwa mwalimu mwenzako asiyefundisha somo hilo anayafanya na kupata majibu yako, bila kukuuliza "hapa ulimaanisha nini?"

Hatua ya 8: Karatasi au ubao

Kama kuna hela ya fotokopi, tuma faili steshenari na usimame hapo mpaka lifutwe kwenye kompyuta yao, hasa kama ni jaribio. Kama hakuna hela, andika ubaoni. Ukurasa mmoja unaenea.

Hatua ya 9: Ukiwa darasani

Waambie wanafunzi kwamba sehemu ya maelezo uliandaa kwa msaada wa akili mnemba, na uwaonyeshe kosa moja ulilolikuta. Lile la saa 10 asubuhi linafaa sana: liandike ubaoni bila kusema lolote, uulize nani anaona tatizo. Watoto wa ufukweni watashindana kujibu, na hata wa Pongwe wasioiona bahari kila siku watajifunza kutoka kwa wenzao.

Usiwaambie wajisajili kwenye programu hizo. Nyingi zinataka mtumiaji awe na umri wa miaka 13 au zaidi, na wa darasa la tano wengi hawajafika. Lakini usijidanganye kwamba hawazifikii: simu ya mama ipo, na kazi ya nyumbani itarudi na sentensi ambazo hata wewe usingeziandika. Kumchapa hakusaidii. Mwite, mwambie akueleze sentensi ya pili kwa maneno yake. Akiweza, amejifunza. Akishindwa, arudie kuandika papo hapo mbele yako.

Dawa zaidi ni kazi ambayo simu haiwezi kuifanya. Wanaoishi karibu na maji wachomeke kijiti mchangani wakiwa na mtu mzima, siku mbili mfululizo, waandike maji yalikifikia saa ngapi. Sisitiza mtu mzima: maji ya bamvua yanarudi kwa kasi. Wanaokaa mbali wamuulize mzee mmoja wa pwani na kuandika alichosema.

Wakirudisha daftari, chukua nakala yako ya somo na uiongezee walichokiona. Hiyo ndiyo uihifadhi, kwenye faili la shule na kwenye simu, ikiwa na tarehe na jina la mada. Jibu la kwanza la programu, lile lenye saa za Kizungu, lifute leo hii. Likibaki, mwakani ukiwa na haraka utalikuta juu kabisa ya orodha.